Tulimwogopa Mkimbiaji, Tukaketi na Hatari Sebuleni

Ukimuuliza mtu wa Kanja, hapa kwetu Embu, leo korona ilikuwa wapi, wengi watakuambia ilikuwa nje. Ilikuwa barabarani, ilikuwa sokoni, ilikuwa Nairobi, ikapanda mlima pamoja na wageni. Aliyekaa kwake alikuwa salama; aliyetoka alijitafutia. Na katika wote waliotoka, aliyelaumiwa zaidi ni yule asiye na sababu ya kuonekana: hana jembe begani, hana kikapu cha majani chai mgongoni, hampeleki mgonjwa zahanati, anakimbia tu. "Unakimbilia nini na dunia inakufa?" Mkimbiaji wa alfajiri akawa mfano wa kukosa akili, na kama hakuvaa barakoa, akawa pia mfano wa kukosa adabu.

Kanja haikuyazua maoni haya. Aprili 2020 Rais Yoweri Museveni aliwakataza Waganda kufanya mazoezi hadharani, kisha akasambaza video akiwa ofisini mwake, miguu mitupu, amevaa suti ya michezo ya kijivu, akikimbia huku na huku chumbani na kupiga pushapu 30. Alikuwa na miaka 75, na kwa umri huo nampa heko. Afrika Kusini ilikuwa imewafungia watu ndani tangu 27 Machi, hata yule wa kukimbia peke yake kabla ya jua kuchomoza. Ilipolegeza kamba tarehe 1 Mei, iliwapa saa tatu tu kwa siku, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na watu wa Cape Town wakamiminika wote kwa pamoja kwenye njia ya ufukweni ya Sea Point. Paris nayo ilikataza kukimbia mchana. Kenya haikuandika sheria ya kumkataza mkimbiaji, lakini iliandika kwamba anayevunja kanuni za korona, pamoja na ile ya kuvaa barakoa hadharani, atozwe faini isiyozidi shilingi 20,000 au afungwe muda usiozidi miezi 6. Mkimbiaji yuko hadharani. Kufikia Juni mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilikuwa likisema watu wasivae barakoa wakati wa mazoezi, kwa hiyo Geneva ilimwambia vua na polisi wa Runyenjes akamwambia vaa.

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, kwenye sherehe za Mashujaa pale Wang'uru, Kirinyaga, kwa jirani zetu. Sharti la barakoa za nje likafutwa Machi 2022. Ila somo lililobaki vichwani ni lile lile: ugonjwa ukija, funga mlango, na atakayetoka ndiye adui. Ukija mwingine tutarudia. Ndiyo maana naona inafaa kulipinga somo hili sasa, wakati hakuna anayeogopa na tunaweza kusikilizana.

Virusi vya njia ya hewa havipimwi kwa kutazama nani ametoka nje. Hupimwa kwa hewa unayoivuta: imetoka kifuani mwa nani, mmeshiriki mahali gani, kwa muda gani, na mwili unaoipokea ni mwili wa namna gani. Mtu anayekimbia peke yake kati ya mashamba ya chai ya Kanja amekwisha kujibu maswali matatu ya kwanza kabla hajafunga kamba za viatu. Lile la nne ni lake na daktari wake.

Tulikosea kwa kufundishwa vibaya, na waliotufundisha walikuwa wakubwa. Tarehe 28 Machi 2020, majuma mawili tu baada ya Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, kutangaza mgonjwa wa kwanza nchini, Shirika la Afya Duniani lilitangaza mtandaoni kwa herufi kubwa kwamba korona haisafiri hewani. Ni matone, lilisema. Matone ni mazito, huanguka karibu. Basi tukaweka mitungi yenye bomba mbele ya kila duka, tukanawa hadi ngozi zikapasuka, tukachora duara chini ili watu wasimame mbalimbali, halafu tukaingia ndani ya duka lenye dirisha moja lililozibwa kwa katoni za biskuti. Shirika hilo lilichukua zaidi ya mwaka, hadi mwisho wa Aprili 2021, kuandika kwa lugha iliyo wazi kwamba virusi huweza kuelea katika hewa ya vyumba vilivyojaa na visivyopitisha upepo. Simdharau anayenawa mikono. Kuhara peke yake kunatosha kuwa sababu. Ila maji hayasafishi hewa.

Ushahidi ulikuwepo mapema kwa aliyetaka kuutazama. Huko China, watafiti waliopitia milipuko 318 ya mwanzo, kila mmoja ukiwa na wagonjwa watatu au zaidi, walikuta yote ilitokea ndani ya majengo. Walipotafuta maambukizi ya nje walipata tukio moja, la watu wawili waliozungumza. Korea Kusini ilitoa mfano unaotuhusu zaidi, kwa sababu ulihusu mazoezi yenyewe. Katika mji wa Cheonan, Februari na Machi 2020, watu 112 waliambukizwa kupitia madarasa ya densi ya mazoezi katika kumbi 12. Fikiria chumba cha mita 60 za mraba hivi, watu hadi 22, muziki juu, dakika 50 za kuhema. Lakini mmoja wa wakufunzi waliokuwa na virusi alifundisha pia yoga na mazoezi ya pilates katika kumbi hizo hizo, kwa watu saba au wanane waliokuwa wakipumua taratibu, na katika hao hakuna aliyepatikana ameambukizwa.

Hapo mpinzani wangu ataruka juu. "Si umesema mwenyewe? Anayehema ndiye anayetapakaza!" Ni kweli, na nitamwongezea silaha. Mwaka 2022 watafiti wa Ujerumani walipima chembe zinazotoka mdomoni mwa mtu aliye juu ya baiskeli ya mazoezi. Akiwa ametulia alitoa wastani wa chembe 580 hivi kwa dakika. Alipofika mwisho wa nguvu zake, zaidi ya 76,000. Kabla ya hapo, Aprili 2020, mhandisi Bert Blocken na wenzake walikuwa wametoa picha za kompyuta zikionyesha matone yakimfuata mkimbiaji nyuma yake, na picha hizo zikaenea dunia nzima, hadi kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, kabla hazijapitiwa na wataalamu wengine. Watu walizitazama wakaogopa. Picha zile zilionyesha matone yanakwenda wapi. Hazikupima hata mtu mmoja aliyeugua. Na chembe 76,000 zikitoka mdomoni mahali penye upepo wa Mlima Kenya, mchana, hutawanyika na kuyeyuka katika hewa isiyo na mwisho. Zikitoka chumbani hubaki hapo hapo zikimngoja atakayefuata kuvuta pumzi. Utafiti huo wa Ujerumani ni kesi dhidi ya jimu lililofungwa. Mtu wa barabarani haumtaji.

Sasa njoo tuhesabu tulikaa wapi sisi tuliokuwa "ndani, salama".

Matatu ya viti 14 iliruhusiwa kubeba watu 8. Vizuri. Lakini njia ya kushuka Embu ni baridi na mvua, na anayefungua dirisha hukemewa na watu 7. Kijana wa muguka hakukaa barabarani. Alikaa nyuma ya duka na wenzake, magoti yakigusana, mlango ukiwa umerudishwa ili chifu asione, na muguka si kitu cha kutafunwa kwa dakika kumi. Baa zilifungwa kwa sheria zikafunguliwa kwa mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma ukishafungwa, hewa ya jioni nzima ni ile ile. Mazishi yalipunguzwa hadi watu 15, lakini mikutano ya matanga iliendelea sebuleni, usiku, kila mtu akisema kwa sauti. Mnamo Julai na Agosti, ukungu unaposhuka hadi kwenye mapaa, kila nyumba ilikuwa imefungwa na jiko la makaa limewashwa katikati.

Ukilinganisha na hayo, banda la kununulia majani chai, lililo wazi pande zote, watu wakisubiri lori la kiwanda upepo ukipita katikati yao, lilikuwa miongoni mwa mahali salama zaidi tulipokutana. Lakini banda ndilo lililosimamiwa kwa fimbo.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa simu za kutoka Nairobi. "Baba, tafadhali usitoke. Mama, mwambie asiende hata dukani." Watoto waliipiga simu hiyo kwa mapenzi. Kisha kufungwa kwa Nairobi kulipoondolewa Julai 2020 wakaja wenyewe kuwasalimu wazazi. Waliketi sebuleni kwa muda wa saa nne, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, chai ikaletwa, picha za wajukuu zikapitishwa kwenye simu mkono kwa mkono, barakoa zikiwa kidevuni, kwa sababu hapa ni nyumbani na hawa ni wetu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Shosho angewekewa kiti uani, chini ya mparachichi, na wajukuu wakae hatua tatu kutoka kwake, angewaona wote na kuwasikia vizuri. Na kama angetembea nao polepole hadi mtoni na kurudi, angekuwa amefanya mazoezi na kupokea wageni kwa wakati mmoja. Hakuna aliyemshauri hivyo, kwa sababu ushauri wote ulikuwa na neno moja: ndani.

Kafyu ilikuwa na akili yake. Ilikusudia kuvunja mikusanyiko ya usiku, na siwezi kusema kwamba haikuvunja hata mmoja. Lakini tazama ilivyoanza. Siku ya kwanza, Ijumaa 27 Machi 2020, kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, wafanyakazi waliokuwa wakiwahi kabla ya saa moja jioni walisongamana maelfu, polisi wakawarushia vitoa machozi na kuwapiga. Watu wakakohoa na kupangusa macho wakiwa wamebanana bega kwa bega. Saa za kutembea zikipunguzwa, watu hawapungui. Hubanwa katika zile zilizobaki. Jioni zetu zikawa hivyo hivyo, kila mtu akigombania matatu ya mwisho. Kufikia mwanzo wa Juni 2020 mamlaka ya kusimamia polisi, IPOA, ilikuwa imehusisha vifo 15 na matendo ya polisi tangu kafyu ianze. Mmoja wa waliouawa alikuwa mtoto wa miaka 13 katika mtaa wa Kiamaiko, aliyepigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao. Alikuwa nyumbani.

Na yaliyotokea Kianjokoma, hapa jirani, hatuhitaji kusimuliwa na mtu wa mbali. Usiku wa tarehe 1 Agosti 2021 ndugu wawili, vijana, walikamatwa na polisi kwa kuwa nje baada ya saa nne. Miili yao ilikutwa katika chumba cha maiti cha hospitali ya Embu. Polisi walisema waliruka kutoka kwenye gari lililokuwa likienda; uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ya kichwa na mbavu. Watu wakaandamana, na polisi 6 wakafikishwa mahakamani kwa mashtaka ya mauaji, wakayakana. Nawataja vijana hao kwa sababu maoni ninayoyapinga hayakuwa maneno matupu ya mezani. Mtu akishaaminishwa kwamba aliye nje ndiye hatari, rungu huwa dawa, na anayelishika hujiona daktari. Vijana wawili kwenye hewa baridi ya mlima, saa nne usiku, wangemwambukiza nani?

Inashangaza zaidi kwamba maneno haya dhidi ya mkimbiaji yamesemwa katika mlima huu kuliko popote pengine. Umbali mfupi kutoka Kianjokoma kipo Chuo cha Ualimu cha Kigari. Hapo ndipo timu ya Kenya ya mbio za nyika ilipopigia kambi miaka ya themanini na tisini chini ya kocha Mike Kosgei, ikikimbia katika udongo huu mwekundu na kupanda vilima hivi hivi, kabla ya kwenda kuchukua ubingwa wa dunia. Wanaume wa Kenya walichukua taji la timu kila mwaka kuanzia 1986 hadi 2003, mara 18 mfululizo. Wazee wetu walizoea kuona vijana wembamba wakipita mbio alfajiri, na hakuna aliyewauliza wanakimbilia nini. Kizazi kimoja baadaye tumesahau.

Kambi za wanariadha zilifungwa Machi 2020, na shirikisho la riadha likawaambia wanariadha wajifue mmoja mmoja. Wengine wanautumia uamuzi huo kunijibu: kama hata mabingwa walizuiwa, wewe ni nani? Lakini soma agizo lenyewe. Mabweni ndiyo yaliyofungwa, na meza za kulia, na gari la timu. Mbio hazikufungwa. Eliud Kipchoge aliacha kambi ya Kaptagat akaendelea kukimbia akiwa kwake. Hiyo ndiyo hesabu sahihi, na ilifanywa na watu wasioweza kumudu kuugua. Sisi tulichukua nusu ya agizo, ile ya kuacha, tukaiacha ile ya kuendelea.

Kuna watu wa upande wa pili wanaonipigia makofi tangu mwanzo wa makala hii, na lazima niwanyime raha. Hawa husema: korona ilikuwa ya walaini wa mjini, mtu wa jembe haugui, mazoezi ni chanjo. Nao wamekosea, na kosa lao linaua. Zaidi ya Wakenya 5,600 waliandikwa kuwa wamekufa kwa korona, na hao ni wale waliopimwa. Utafiti mkubwa wa California uliochapishwa 2021, wa wagonjwa 48,440, ulikuta kwamba waliokuwa hawafanyi mazoezi kabisa kabla ya kuugua walikuwa na uwezekano wa kulazwa zaidi ya mara mbili ya wale waliotimiza dakika 150 kwa juma. Ni habari njema, lakini isomeke ilivyo. Waliofanya mazoezi nao walilazwa, wachache zaidi tu, na huenda waliofanya mazoezi walikuwa na afya bora kwa sababu nyingine pia. Mwili imara humpunguzia mtu uzito wa ugonjwa. Haumzuii kuambukizwa, wala haumzuii kumpelekea mama yake.

Umri ndio uliokuwa na uzito kuliko vyote. Makadirio ya 2020 kutoka nchi tajiri, kabla ya chanjo, yalionyesha kwamba katika walioambukizwa wakiwa na miaka 25, alikufa kama mmoja kati ya 10,000. Wenye 65, zaidi kidogo ya mmoja kati ya 100. Wenye 75, karibu 5 kati ya 100. Wenye 85, 15 kati ya 100. Haiwezekani kijana wa bodaboda na babu yake wapewe ushauri mmoja. Serikali yenyewe ililijua hilo. Ilipofungua makanisa Julai 2020 iliweka watu wasiozidi 100, ibada isiyozidi saa moja, na ikawazuia walio chini ya miaka 13 na walio juu ya 58. Wengi walilalamika, lakini tazama kanuni hiyo ilivyo na hesabu ndani yake: idadi, muda, mwili. Ilikosa dirisha tu. Na ilimkosea mzee wa miaka 60 kwa namna nyingine: ilimtoa kanisani ikamwacha kwenye kochi. Hakuna aliyemwambia kwamba njia ya katikati ya mashamba ya chai ilikuwa wazi kwake, asubuhi na jioni, bila malipo.

Kochi nalo lina vifo vyake. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionyesha karibu robo ya Wakenya wazima wana shinikizo la damu, na wengi hawajui. Wenye shinikizo na wenye sukari ndio walioambiwa wakae ndani zaidi ya wote, na ndio wanaoumizwa zaidi na kukaa. Mwalimu mstaafu mwenye sukari aliyezoea kutembea hadi sokoni kila siku, kisha akaketi mwaka mzima akingoja hatari ipite, hakuwa ameikwepa hatari. Aliibadilisha tu kwa nyingine aliyoizoea, isiyotangazwa kwenye taarifa ya saa saba.

"Shamba linatosha," utaambiwa. Kwa mchuma chai anayepanda na kushuka mteremko na kikapu mgongoni, ndiyo, linatosha na kuzidi. Lakini tusidanganyane. Ni wangapi Kanja ya leo wanaolima kwa mikono yao? Mwenye duka anakaa. Fundi cherehani anakaa. Mwalimu anasimama kidogo, anakaa. Bodaboda anakaa juu ya injini kutwa nzima, na abiria wake, aliyekuwa akipanda kilima kile kwa miguu, sasa analipa ili asipande. Jembe tunalojivunia limo mikononi mwa kibarua.

Hoja ya mpinzani ninayemheshimu zaidi ni ya afisa wa afya ya umma. Anasema hivi: janga likija, huwezi kumwachia kila mtu apige hesabu yake, watu wataihesabu kwa kujipendelea, kanuni lazima iwe fupi na iwe moja kwa wote. Namwelewa. Mtu anayetaka kwenda baa hukosi kumkuta ana hesabu inayompeleka baa. Lakini kanuni fupi si lazima iwe ya uongo. "Kutaneni nje, msikae sana, fungueni madirisha, mzee asikae chumba kimoja na wageni" si ndefu kuliko "Kaa nyumbani". Na wakulima wa miteremko hii hawahitaji kufundishwa kupima hatari. Mtu anayeamua kila Machi kama mvua hii ni ya kupanda au ni ya kudanganya, anayeamua kahawa ing'olewe au ingojewe bei, amepima mambo magumu kuliko dirisha. Aliyenyimwa sababu ya kanuni huvunja yote au hutii yote, na tuliona wa aina zote mbili: mmoja akanywa pombe chumbani na wenzake 20, mwingine akaogopa kumwaga maji uani.

Hesabu ya mtu binafsi, ikifanywa kwa haki, ina sehemu moja wanayoisahau wapenda mazoezi kama mimi: unarudi kwa nani? Kijana wa miaka 22 akikimbia peke yake hajiletei hatari yoyote ya kutajwa. Akikimbia kisha akaingia na wenzake kwenye chumba cha vyuma, vile vya mikebe iliyojazwa saruji, mlango umefungwa na muziki unanguruma, hatari yake mwenyewe bado ni ndogo. Lakini akilala nyumba moja na nyanya mwenye miaka 80, amemchukulia nyanya uamuzi bila kumwuliza. Vyuma hivyo vinaweza kunyanyuliwa uwanjani. Saruji haijali.

Sehemu nyingine inayosahaulika ni kurudi baada ya kuugua, na hapa ndipo mazoezi yenyewe huwa hatari ya kweli. Kirusi hiki humgusa mtu moyo mara nyingine hata kama kikohozi kilikuwa chepesi. Madaktari wa michezo walishauri mtu apumzike angalau siku 10 tangu dalili zianze, na asirudi kwenye mazoezi kabla hajakaa siku 7 bila dalili, kisha aanze kwa kutembea. Mwendo wa kuanzia ni ule unaokuruhusu kuzungumza. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Kifua kikibana, moyo ukienda mbio bila sababu, au kizunguzungu kikija, acha, nenda hospitali, usingoje Jumatatu. Mwanariadha anaweza kuufuata ushauri huu. Kibarua wa kuchuma chai, anayelipwa kwa kilo, hawezi. Akilala siku 10 watoto wanalala njaa. Pesa za msaada wa korona, kama zilikuwepo, zilipaswa kuanzia kwake, na sikusikia mtu akilipigia kelele hilo kama walivyompigia kelele mkimbiaji.

Kuhusu barakoa sina mengi. Ya kitambaa haimnyimi mtu mzima mwenye afya hewa ya kutosha. Humkera tu, hasa ikilowa jasho. Katika njia tupu haina kazi, iwe mfukoni. Ukifika sokoni au ukidandia matatu ya kurudi, ivae. Mtu anaweza kufanya yote mawili katika asubuhi moja bila kuwa mnafiki.

Na yale maswali manne ya hewa, mahali, muda na mwili hubadilika majibu kirusi kikibadilika. Mpox ilipogunduliwa Kenya Julai 2024, kwenye mpaka wa Taveta, na Shirika la Afya Duniani likaitangaza kuwa dharura mwezi uliofuata, watu walianza tena kuulizana kama waache kutoka. Mpox hupita hasa kwa ngozi kugusana na ngozi yenye vidonda, kwa kitanda na kwa taulo. Ebola, ambayo imezuka Uganda mara kadhaa, Mubende mwaka 2022 na Kampala 2025, hupita kwa majimaji ya mgonjwa na ya maiti. Kwa hizo mbili, anayekimbia barabarani hana kesi ya kujibu kama alivyokuwa hana kwa korona, lakini chumba cha vyuma kinahitaji mambo mengine. Taulo iwe ya kila mtu na yake, benchi lipanguswe kwa dawa kabla ya mwingine kulilalia, mwenye kipele asichoelewa abaki kwao hadi aonekane na daktari, na fulana zisiazimwe. Dirisha, kwa mpox, mnaweza kulifunga mkiona baridi.